Njia Mbili za Ufukweni Matema

Umewahi kwenda kutazama mashindano, ukarudi nyumbani umeona migongo ya watu tu? Basi Kisa wa Matema alikuwa ameona migongo ya kutosha. Alipokabidhiwa kazi ya kupanga watazamaji, aliapa kwamba safari hii kila mtu ataona maji.

Kisa alikuwa darasa la sita. Kila siku akitoka shule alivua sare, akanawa miguu, akachukua chakula kilichofunikwa jikoni kwa mama yake na kumpelekea babu yake. Nyumba ya Babu Asajile ilikuwa ng'ambo ya migomba, hatua hamsini tu, lakini mama yake, Mama Lugano, hakuwahi kuzipiga hatua hizo. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke hakutani na baba mkwe wake wala hamtazami usoni. Hiyo ndiyo heshima. Siku hizi wengi wameiacha. Mama Lugano hakuiacha. Yeye alikuwa na njia yake ya kwenda kisimani, babu alikuwa na njia yake ya kutokea barabarani, na Kisa alizipita zote mbili bila kuziwazia.

Babu alianguka kutoka kwenye mchikichi miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu. Kabla ya hapo alifundisha watoto wengi kuogelea, akiwemo Lugano, kaka yake Kisa. Sasa Lugano alikuwa amechaguliwa kuogelea mbio za mwisho katika mashindano ya shule saba, pale pale ufukweni.

"Watakuja watu kutoka Bujonde, kutoka Ngana, kila mahali," alisema Mwalimu Jovina, aliyehamia Matema kutoka Bukoba. "Kisa na Amon, nataka kila mtu aone, akae vizuri, asichomwe na jua. Na wazee msiwasahau."

Kisa hakuwasahau. Jambo la kwanza alilowaza lilikuwa kiti cha babu. Mchanga wa Matema ni laini kama unga. Gurudumu likiingia halitoki. Walianza kwa kutandika mikeka ya kuanikia kakao. Ili kujaribu, Kisa akaketi kwenye toroli, na Amon, mwanafunzi mwenzake, akasukuma. Hatua ya nne, mkeka ukajikunja, toroli likapinduka, na Kisa akala mchanga.

"Pole, abiria," alisema Amon. "Gari letu limeharibika. Nauli hairudishwi."

Wakajaribu mianzi. Walipoilaza kwa urefu, gurudumu lilinasa katikati ya mianzi miwili. Walipoilaza kwa upana, wakaifunga kwa kamba ya migomba na kutandika mikeka juu yake, toroli likapita likitingishika kidogo tu. Iliwachukua siku tatu na mianzi mia moja na ishirini. Njia ile ilianzia barabarani, ikapita katikati ya mabenchi kama njia ya bibi harusi ukumbini, ikafika hadi kwenye mchanga mgumu karibu na maji. Upande wa kushoto wangekaa akina mama, upande wa kulia akina baba, na turubai la wageni likawa nyuma.

Ijumaa mchana Kisa alipeleka chakula na kumweleza babu kila kitu, mpaka idadi ya mafundo ya kamba.

"Kwa hiyo kesho saa mbili nakuja kukuchukua," alimalizia.

Babu alitafuna polepole. "Kesho kichwa kitaniuma."

"Utajuaje leo, Babu?"

"Nina miaka sabini na minne na kichwa hiki. Nakijua. Nitasikia kelele nikiwa hapa hapa."

Kisa alirudi nyumbani shingo imelegea. Mama yake alikuwa anachagua mchele kwenye ungo.

"Mama, kesho utavaa kitenge kipi?"

"Kitenge cha nini? Mimi nabaki kupika. Babu yako aende akamwone mjukuu wake."

"Na babu naye amesema haendi. Eti kichwa kitamuuma."

Mikono ya mama ilisimama juu ya ungo. "Kisa, hiyo njia yenu inapita wapi?"

"Katikati ya mabenchi."

"Na sisi akina mama tunakaa wapi?"

"Pembeni ya nji..."

"Umeona, mwanangu. Nikikaa pale naye akipita, itabidi nikimbie mbele ya umati. Mzee analijua hilo. Anabaki ili mimi nimwone Lugano, na mimi nabaki ili yeye amwone." Mama aliinamia mchele tena. "Nyumbani kila mtu ana njia yake. Huko ufukweni mmetupa moja."

Kisa hakungoja kula. Alikimbia hadi kwa Amon.

"Tuing'oe?" Amon aliuliza. "Yote? Kisa, mimi mgongo wangu si wa serikali."

"Tunaihamishia kulia, upande inakoegeshwa mitumbwi. Turubai la wageni tunalileta katikati, lisimame kama ukuta. Akina mama wana njia yao huku, mchanga wao hauna shida. Babu anapita kule."

Mwalimu Jovina alipoelezwa, alikunja mikono ya gauni lake na kuinua mwanzi wa kwanza. Wanafunzi wengine wakaja. Jua lilipogusa milima, kazi ilikuwa imekwisha. Kisa akapita kwa babu, akasema tu, "Njia yako iko upande wa mitumbwi, Babu. Ya akina mama iko ng'ambo ya turubai." Babu akasema kichwa kimepoa.

Jumamosi ufuko ulijaa. Watu walikaa kivulini, maji ya kunywa yakapitishwa kwenye ndoo zenye mifuniko, na hakuna aliyesimama mbele ya mwenzake. Mbio zilianzia kwenye mitumbwi iliyopangwa ziwani. Lugano aliruka kutoka mtumbwi wa tatu akikata maji kama samaki, akafika wa pili, nyuma ya kijana mrefu wa Ngana kwa urefu wa mkono. Upande wa kushoto wa turubai mama alipiga vigelegele mpaka kilemba kikafunguka. Upande wa kulia babu alivisikia. Hakuuliza ni vya nani. Alipiga makofi kuvifuata.

Watu walipoanza kutawanyika, Mwalimu Jovina alimshika Kisa bega.

"Ulifanya kazi kwa bidii tangu mwanzo," alisema. "Ulipima mchanga, ukapima kivuli. Lakini kazi ilikamilika siku ulipowasikiliza wenyewe. Kabla ya kumpangia mtu mahali pake, muulize. Usimkisie, hata kama unampenda."

"Nimesikia, Mwalimu."

"Haya, tuanze sasa hivi." Akamgeukia mzee. "Babu Asajile, kiti kilikaa vizuri? Jua halikukuchoma? Kuna kitu ulichotaka hatukukuwekea?"

"Ndaga, mwalimu, ndaga fijo. Asanteni sana. Kivuli kizuri, njia nzuri." Babu alitazama maji, hatua nne tu kutoka mwisho wa mianzi. Kisha akaanza kufungua vifungo vya shati lake, kimoja kimoja, huku Lugano akicheka na kusogea karibu.

"Ila mnahangaika na mahali pa mimi kutazamia," alisema. "Miaka mitatu yote mimi nilitaka kuogelea. Hakuna aliyeniuliza."