Simu ya Owiti

Harufu ndiyo iliyotangulia. Opondo, fundi wa simu, alipofungua mgongo wa ile simu, kibanda chake pale Otonglo kilijaa harufu ya chumvi, tena ya bahari, na ziwa letu, kama kila mtu ajuavyo, halina chumvi hata ya kuonjea.

Aliyeileta ni Jacinta, mama mmoja wa Katito. Ndugu yake Owiti alikuwa baharia huko ng'ambo, akaanguka kutoka melini, mwili usipatikane. Wenye meli walituma simu yake, chaja yake, na fomu tatu za kuthibitisha kwamba chaja imefika. Kuhusu Owiti mwenyewe hapakuwa na fomu. Nyumbani walizika tunda la yago, lile refu la mti wa mwegea, mahali pake, kama inavyofanywa kwa mtu asiyerudi. Lakini kila simu ilipowashwa, kitu cha kwanza kutokea kilikuwa nembo ya mtandao wa kule.

"Ni kama bado ni mtu wao," Jacinta alisema. "Itoe, uandike jina lake. Na usiiache nafasi hiyo wazi, Bwana Opondo. Huyu hata kaburi la kweli hana."

Opondo alicheka kimoyomoyo. Asubuhi hiyo karani wa kuandikisha watoto alikuwa amemrudishia fomu kwa sababu sehemu ya jina ilikuwa tupu. Nafasi isiachwe wazi, karani alisema, kwa uso wa mtu anayelinda mpaka wa nchi. Sasa na huyu tena.

Mtoto wake, mvulana wa siku nane, hakuwa na jina kwa kuwa hakuna mfu aliyekuwa amemkubali. Kila alipolia, Mama Milka, mamake Opondo, alimpakata na kuita wafu wa ukoo mmoja mmoja. Atakayemnyamazisha ndiye angeishi ndani yake. Walikuwa wameita hadi babu wa babu, na mtoto bado analia.

Opondo aliunganisha simu na kompyuta, akaifuta ile nembo. Kabla hajaandika jina, stima ikapotea. Akaona kioo cheusi kinatosha mpaka kesho, akatia simu mfukoni, akafunga kibanda mapema na kushika njia ya nyumbani.

Hajapita hata soko, ikatetemeka. Ilikuwa imejiwasha. Akaizima. Ikajiwasha tena, na ule weusi ukakaa kwenye kioo muda mrefu kuliko simu yoyote inavyohitaji kuwaka, kama mtu aliyesimama mlangoni akisubiri kuulizwa yeye ni nani. Akatoa betri, akaitia mfuko wa pili, na simu ikaendelea kutetemeka bila betri, ikitoa sauti ndogo ya maji yanayopanda na kushuka, na ile harufu ikamfuata katikati ya jua la saa kumi, ikapita moshi wa mahindi ya kuchoma na vumbi la barabara, mpaka akajikuta anakimbia bila kujua anakimbia nini, na alipofika karibu na lango lake ndipo simu ilipotulia ghafla, na akatambua kwamba kwa mara ya kwanza tangu siku nane zilizopita hasikii kilio cha mtoto.

Mama Milka alikuwa mlangoni. Alizungumza kwa sauti ya chini.

"Amenyamaza."

"Kwa jina la nani, Mama?"

"Sijui nimelitoa wapi. Kwetu hakuna mtu kama huyo." Aliangalia pembeni. "Owiti wa Katito."

Opondo aliingia. Mtoto alikuwa macho, ametulia, akimtazama kama abiria aliyechoka anavyotazama nyumba ya kufikia. Shali lake lilikuwa limelowa chapachapa. Opondo aligusa maji yale, akapeleka kidole ulimini. Chumvi.

Akarudisha betri, akawasha simu. Ikawaka mara moja, safi, haina kitu ndani.

"Nimejaza ile fomu," mkewe Aloo alisema kutoka mezani, akipuliza wino ukauke. "Kesho karani hatakuwa na la kusema. Sijaacha nafasi hata moja wazi."