Mpira Mdogo na Chombo cha Angani

Fundi bomba hakuwa mtu wa kuamini kirahisi. Ukimwambia ni saa tano, lazima atazame saa yake. Dukani alikagua nati moja moja mpaka muuzaji asonye. Lakini ujumbe ukiingia kwenye simu yake, aliumeza mzimamzima.

Jumatatu binti yake alirudi na kazi ya shule. Aandike historia ya ajali ya Challenger, chombo cha anga kilichosambaratika mwaka 1986. Ijumaa angeisoma mbele ya wazazi.

"Wale waliokuwemo hawakufa," baba alisema, akimwonyesha simu. "Walifichwa. Nimeshawatumia watu kibao. Andika hivyo."

"Nani kaandika hayo, baba?"

"Si yapo hapa! Huoni?"

Binti hakuridhika. Kesho yake alimburuta baba hadi maktaba. Mkutubi akawaletea vitabu viwili na ripoti ya tume iliyochunguza ajali.

"Waandishi hawa wametaja majina yao na walikopata habari," mkutubi alisema. "Wote wanasema watu saba walikufa. Ujumbe wako je, fundi?"

"Na hivyo vitabu, nani kasema haviongopi?"

"Kushuku si kosa. Ila shuku na simu yako pia."

Binti akasoma kwa sauti. Asubuhi ile ilikuwa na baridi kali. Mipira ya kuziba maungio ya roketi ilikakamaa, ikashindwa kuzuia gesi ya moto. Wahandisi walionya siku moja kabla. Hawakusikilizwa.

"Mpira!" Fundi alicheka, akimgeukia mkutubi. "Dada, usinichezee. Mpira uangushe chombo kile?"

Lakini nyumbani alitoa kimpira cha duara kwenye mfuko wa kazi. Akakibana kwa klampu, akakitumbukiza kwenye maji ya barafu. Alipokifungua, kilibaki bapa, kikachelewa kurudia umbo lake.

"Jamani," alisema. "Walionya, wakapuuzwa?" Roho ilimuuma. Hata yeye akionya, wateja humwambia, funga tu hivyo hivyo.

Ijumaa binti alisoma vizuri, akataja vitabu vyake na ripoti. Ndipo kinyozi wa mtaani, mzazi mwenzao, aliposimama.

"Mtoto kapotoshwa! Wale watu wako hai. Ushahidi ninao kwenye simu."

Watu wakaguna. Mwalimu akamtazama binti kwa wasiwasi. Machozi yakamlengalenga binti.

Uso wa fundi uliwaka kwa aibu. Angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Akasimama.

"Kinyozi, ujumbe huo nilikutumia mimi. Sikuuchunguza. Aliyechunguza ni binti yangu."

"Na wewe ulitumiwa na nani?"

"Sijui," fundi alijibu. "Hata sikuuliza."

Kinyozi aliitazama simu yake, kisha akaitia mfukoni.

"Haya, mwanangu," alimwambia binti. "Hebu nitajie tena hivyo vitabu."