Mwalimu wa Kwenye Simu

Ndugu zangu wa Nyangamara, na nyinyi wa vijiji vyote ambako msimu wa korosho ukifika nyumba zinafungwa na watu wanahamia shambani, haya ninayowasimulia hayakutokea mbali. Yametokea kwetu, kwa watu tunaosalimiana nao kila siku. Atakayekasirika na akasirike, ila asikilize mpaka mwisho.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa kumi shamba la Ismaili lilikuwa limetulia. Mabibo mekundu na ya njano yalitapakaa chini ya mikorosho, na harufu yake tamu ilijaa kila mahali. Zuwena, mke wa Ismaili, alikuwa ameinama akiokota, kila bibo analinyonga korosho yake na kuitupia kikapuni. Mwanawe wa mwisho, Yassini, wa miezi minane, alilala kwenye mkeka uvulini mwa kibanda chao cha shambani. Pembeni yake alikaa dada yake, Somoe, wa miaka mitano, simu kaiegemeza kwenye sufuria, akihesabu kwa sauti pamoja na mwalimu wa kwenye video.

"Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini."

Zuwena alitabasamu peke yake. Somoe alikuwa ameandikishwa shule ya awali kijijini, lakini kutoka shambani kwenda shule ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na familia haitoki huko mpaka korosho ya mwisho ianikwe ikauke. Kila mwaka watoto wetu wadogo hupotea darasani kwa miezi mitatu namna hiyo. Zuwena mwenyewe alirudia darasa la pili kwa sababu hiyohiyo, na vicheko vya wenzake hajavisahau hadi leo. Aliapa kwamba mwanawe hatapitia njia hiyo. Nia yake ilikuwa njema kabisa, na ninalisema hili mapema ili asitokee mtu wa kumwita mama mbaya.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo alikuwa amekwenda gulioni, kwenye kibanda cha Clemence, yule bwana anayechaji simu na kuwawekea watu nyimbo na video kwenye kadi.

"Kaka Clemence, nataka video za mtoto. Za kusoma."

"Zipi, mama Somoe? Za herufi, za namba, za hadithi?"

"We niwekee tu za kusoma."

"Ninazo mia na ishirini, zimechanganyika. Nyingine hata mimi sijaziangalia. Utakaa uchague, au niweke zote?"

"Bei yake?"

"Bei ileile."

"Basi weka zote. Kadi ibakie na nafasi ya nini?"

Msimcheke. Nani kati yetu hajawahi kusema hivyo? Maharage tunayachambua jiwe mojamoja. Samaki tunamfunua shavu kabla hatujamnunua. Lakini kitu kinachoingia machoni na kichwani mwa mtoto, tunasema weka zote.

Alipofika nyumbani Zuwena alifungua video ya kwanza. Alikuwamo mwalimu mmoja mpole, amevaa shati jeupe, anaandika a, e, i, o, u ubaoni na kuwaambia watoto warudie. Zuwena aliiangalia mpaka mwisho, ikamfurahisha. Ya pili hakuifungua. Alimwita Somoe akampa simu mkononi.

"Huyu sasa ndiye mwalimu wako. Shuleni mwalimu akifanya kitu, watoto wanafanyaje?"

"Wanafanya vilevile."

"Haya. Kila atakachofanya mwalimu wa kwenye simu, na wewe fanya vilevile. Mimi sitaki mtoto mbishi."

"Ndiyo, mama."

Yakumbukeni maneno hayo, ndugu zangu, maana yatarudi.

Jirani wa shamba la pili alikuwa Monika, mwanamke mkubwa kidogo kwa Zuwena, naye alikuwa na mtoto wa kumfundisha, Anthony. Video zake zilikuwa nne tu. Mchana wakipumzika alikaa na mwanawe wakaangalia moja pamoja, kisha alizima simu, na Anthony akaambiwa ahesabu korosho kwenye mkeka kama alivyoona. Zuwena alimtania sana kwa hilo.

"Video nne, dada Monika? Si mtoto atazichoka?"

"Akizichoka ndiyo amezijua. Hizo zako umeziangalia zote?"

"Saa ngapi? Na korosho aokote nani? Nimeiona ya kwanza, nzuri mno."

"Mh," alisema Monika, akaendelea kula muhogo wake.

Sasa turudi kwenye asubuhi ile. Yassini alikuwa ameamka na tongotongo, jicho la kushoto limenata na wekundu kidogo. Zuwena alimpangusa kwa maji ya vuguvugu, akasema mbele ya Somoe, "Jioni baba yenu akirudi tutampeleka akatiwe dawa ya macho." Kisha akaenda kuokota. Baba yao alikuwa ameondoka mapema na gunia kwenda ghalani.

Karibu na mafiga palikuwa na kopo la maziwa ya unga. Zile korosho zilizovunjika, zisizouzika, Zuwena alizibangua kwa jiwe kwa ajili ya mboga, na maganda akayatia kwenye kopo hilo, maana yanawasha moto haraka. Jua la mwezi wa kumi mnalijua. Maganda yalikuwa yamechuja mafuta taratibu, ya rangi ya hudhurungi iliyokolea, yakatuama chini ya kopo. Sihitaji kumweleza mtu wa kwetu jinsi mafuta hayo yanavyobabua, mikono yetu wenyewe ni ushahidi. Watoto tunawaonya wasing'ate korosho mbichi, itawababua midomo. Somoe alionywa, na hakuwahi kung'ata. Habari ya jicho hakuna aliyemwambia.

Ilikuwa kama saa nne hivi kuhesabu kulipokoma. Zuwena alisikia muziki wa furaha kutoka kwenye simu, na kicheko chembamba cha katuni. Alidhani mtoto amefika kwenye nyimbo. Akainamia mkorosho mwingine.

Ndipo kilio kikatoka. Hakikuwa cha njaa, wala cha usingizi, wala cha siafu. Mama anavijua vilio vya mwanawe, na hiki Zuwena hakuwahi kukisikia maishani mwake. Aliacha kikapu kikamwagika akakimbia.

Alimkuta Somoe amepiga magoti. Kopo lilikuwa pembeni yake, na mkononi alishika kijiti chenye tone la hudhurungi kwenye ncha. Yassini alikuwa akitupa kichwa huku na huku, jicho la kushoto limefumba kwa nguvu, na mstari wa mafuta umeteremka kutoka kwenye kope mpaka sikioni. Kwenye simu, paka aliyevaa koti la daktari alikuwa anamtonesha dawa mtoto wa paka mwenye macho mekundu. Yule mtoto wa paka alicheka, nyota zikaruka machoni mwake. Kisha ikaanza upya, tone likadondoka tena, akacheka tena.

Zuwena alisimama pale akiangalia kijiti, anaangalia jicho la mwanawe, na akili yake ikakataa katakata kuviunganisha.

"Umemfanya nini mwenzio?"

"Nimemtia dawa, mama. Ya macho."

Zuwena alimnyanyua mtoto akatoa titi amkamulie maziwa jichoni, kama bibi zetu walivyotufundisha. Lakini Monika alikuwa amekisikia kilio kile kutoka shamba la pili, naye alifika akihema. Aliona kopo, akaelewa.

"Maziwa hayatoshi, Zuwena. Maji. Maji yote uliyonayo. Mshike kichwa, mfunue kope, usimwonee huruma."

Walimwagia ndoo ya kwanza, maji ya kunywa yaliyochotwa mbali alfajiri. Walimwagia na ya pili, taratibu, kikombe baada ya kikombe, Yassini akilia mpaka sauti ikakauka. Shavu la mtoto lilikuwa limeanza kuvimba malengelenge. Monika alimpigia Ismaili simu, naye akaja na bodaboda bila kuuliza maswali.

Kwenye zahanati, muuguzi Flora alimwosha tena, kwa muda mrefu, hata Ismaili akachoka kusimama akakaa sakafuni. Alipomaliza alisema, "Maji mliyommwagia kule shambani ndiyo yaliyomwachia jicho. Lakini msilale hapa. Nendeni hospitali ya Lindi leo hii."

Walikaa Lindi siku kumi na moja. Kumi na moja, ndugu zangu, katikati ya msimu, korosho zikiozea chini. Zuwena hakuzifikiria hata mara moja. Alikuwa anafikiria jicho lililofunikwa kitambaa cheupe, na kila daktari alipokuja kukifunua, alitazama ukutani.

Siku waliporudi Monika alimleta Somoe, aliyebaki naye muda wote huo. Mtoto alisimama mlangoni, hakuingia. Ismaili alikuwa amebeba hasira tangu Lindi, na sasa ilipata pa kutua. Alivunja fimbo mchongomani.

"Njoo hapa. Nani alikufundisha kumtia mwenzio uchafu jichoni?"

Somoe hakulia. Alimtazama mama yake.

"Mama alisema kila atakachofanya mwalimu wa kwenye simu, na mimi nifanye vilevile. Nisiwe mbishi. Nimefanya." Akafikiri kidogo. "Mbona yule wa kwenye simu alicheka?"

Fimbo ilibaki hewani. Siku kumi na moja Zuwena alikuwa amemlaumu Clemence, amemlaumu paka, na usiombe, moyoni mwake alikuwa amemlaumu hata mtoto huyu wa miaka mitano. Kumbe mtoto alikuwa mtiifu. Alimtii neno kwa neno yule mtu anayemwamini kuliko wote duniani, mama yake.

Aliinuka akaishika fimbo.

"Baba Somoe, ukitaka kumpiga mtu, nipige mimi. Amri nilitoa mimi."

Ismaili aliitupa fimbo nje akaenda kukaa chini ya mkorosho, akageuza uso upande wa pili.

Kesho yake Zuwena alikaa na simu, akaziangalia zote mia na ishirini. Ilimchukua siku mbili. Zilizokuwa za kusoma hazikufika thelathini. Katika zilizobaki aliona mtoto wa katuni akifungiwa ndani ya friji na mwenzake, mlango unafunguliwa anatoka anacheza. Aliona mdoli akikatwa mkono kwa kisu na kuunganishwa kwa gundi. Aliona babu akianguka motoni akasimama mzima, moshi unamtoka masikioni, watoto wanashangilia. Zote zina rangi nzuri, zote zina muziki wa furaha. Kila ilipokwisha moja, Zuwena alijiuliza ni ngapi kati ya hizo ambazo Somoe alikuwa hajapata nafasi ya kuzifanyia mazoezi. Akawa anasimama na kwenda kuwaangalia watoto, kisha anarudi.

Yassini leo anatambaa. Jicho la kushoto lina doa jeupe dogo kama punje ya mchele, na madaktari wanasema kwa jicho hilo anaona mwanga na vivuli, na pengine zaidi akikua, pengine isiwe. Shavu limebaki na kovu. Yeye anacheka na kila mtu.

Aliyebadilika ni Somoe. Juzi Zuwena alimpa kikombe cha uji amnyweshe mdogo wake. Mtoto alikishika kwa mikono miwili, akakiangalia ndani kwa muda, akasema, "Mama, onja wewe kwanza. Nikimpa hatalia?"

Zuwena alionja. Kisha akaingia ndani, akakaa nyuma ya mlango, akalia kimyakimya.

FUNZO

Zuwena ameniruhusu kulisimulia hili kwa sharti moja, kwamba nisiwaambie mtupe simu. Kuna walimu wazuri humo, na kwa watoto wanaokaa shambani msimu mzima wanaweza kuwa msaada mkubwa. Kosa halikuwa simu. Kosa ni kumkabidhi mtoto mwalimu ambaye wewe mwenyewe humjui, ukaamuru atiiwe.

Basi, mzazi, video usiyoiangalia mpaka mwisho usimpe mwanao. Ya kwanza kuwa nzuri si dhamana ya ile ya pili. Chache zinatosha, na mtoto akizirudia ndiyo anajifunza. Kaa naye hata kama ni wakati wa kula muhogo, mwulize ameona nini, na mweleze kwa maneno ya wazi kwamba wa kwenye katuni haumii kwa sababu si mtu, ila mdogo wake anaumia. Zima simu, mhesabu korosho pamoja mkekani. Mfundishe pia kuja kukuuliza kabla hajajaribu kitu alichokiona, na akija usimfukuze kwa kuwa una kazi. Na lile kopo la maganda, liweke juu, pasipofikika.

Sasa Zuwena ana video sita kwenye kadi yake. Nafasi nyingine zote zimebaki tupu, na hazimsumbui. Nawe ukifika gulioni, mwenye kibanda akakuuliza utachagua au aweke zote, vuta kiti ukae.