Waya Kwenye Mguu wa Trekta

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kozue Sugawara alikuwa na kazi tatu. Aliwapa kuku chakula, aliweka kikombe kidogo cha wali wa moto mbele ya picha ya marehemu bibi yake, kisha alifungua mlango wa banda la trekta. Mlango huo ulikuwa mzito, na mkono wa kulia wa Babu Tokuji haukuwa na nguvu tena.

Ndani ya banda palinuka grisi, vumbi la mpunga na majani makavu. Trekta lilisimama katikati. Lilikuwa dogo, jekundu lililopauka, na lilimzidi Kozue umri kwa miaka kumi na mitano, naye alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwa miaka mingi dereva wake alikuwa Bibi Fusae. Babu alikuwa fundi, bibi alikuwa dereva, na kijiji kizima kilijua kwamba hakuna aliyenyoosha tuta kama yeye. Ukutani palikuwa na misumari miwili. Kwenye mmoja ilining'inia nyundo ya babu. Wa pili ulikuwa mtupu tangu bibi alipofariki, miaka miwili iliyopita.

Mwishoni mwa Aprili theluji ilikuwa imebaki milimani tu. Tarehe tano Mei maji ya mfereji mkuu yangefunguliwa, na kila shamba lilipaswa kuvurugwa matope kwa zamu yake. Jumamosi moja Babu alimpa Kozue kitambaa.

"Futa magurudumu ya mbele, mjukuu wangu. Mimi nachunguza mafuta."

Kozue alichuchumaa. Nyuma ya gurudumu la kushoto, pale fimbo ya usukani inapoungana na gurudumu, kulikuwa na kifuko cheusi cha mpira, kikubwa kama nusu ya yai. Kilikuwa kimechanika. Grisi ilikuwa imetoka na kutapakaa hadi kwenye gurudumu. Juu yake, kwenye fimbo ileile, palikuwa na kipande cha waya kilichosokotwa, ncha yake ikielekea chini kama mwiba.

Aliutambua waya huo mara moja, kwa sababu aliufunga mwenyewe.

Nyumbani kwao, mwaka mpya ulipoingia, trekta nalo lilipewa sikukuu. Bibi alikuwa akiweka madonge mawili ya mchele uliotwangwa juu ya kiti chake, na kulifunga mbele kamba ya majani ya mpunga, kulishukuru kwa kazi ya mwaka. "Limekula matope mwaka mzima," alizoea kusema, "leo lile kitu kitamu." Kamba aliifunga juu, kwa uzi wa majani aliousokota kwa viganja vyake.

Safari hii kazi hiyo ilimwangukia Kozue. Mbele ya trekta palikuwa na bamba la kusukumia theluji, hapakufungika kitu. Akaamua kuifunga kwenye fimbo ya usukani. Uzi wa majani ulikatika mara mbili, vidole vilikuwa vinakufa ganzi kwa baridi, na ndani ya nyumba vipindi vya mkesha vilikuwa vimeanza kwenye televisheni. Alichukua waya wa kufungia magunia. Katikati ya Januari kamba zote za kijiji zilipokusanywa kuchomwa kwenye moto wa desturi, aliivuta ya kwao kwa nguvu. Majani yalitoka. Waya ulibaki.

Aliposikia hatua za Babu, Kozue aliufungua waya haraka na kuutia mfukoni.

Babu aliinama, akagusa mpira, akanusa grisi kwenye kidole.

"Isamu," alisema. "Aliliazima Februari kusukuma theluji. Kalipitisha kwenye mawe ya mto, kisha kalirudisha bila kusema neno. Miaka arobaini tunajuana."

Kozue aliendelea kufuta gurudumu. Waya ulimchoma pajani.

Mzee Isamu alikuwa jirani yao wa ng'ambo ya mfereji. Tangu bibi alipokufa, yeye ndiye aliyekuwa akiotesha miche ya mpunga ya nyumba zote mbili katika banda lake la plastiki, na Babu alimlimia mashamba yake kwa trekta. Jioni ile Babu alikwenda kwake, akarudi baada ya dakika tano.

"Miche nitanunua kwenye ushirika," alisema, akavua viatu vyake bila kumtazama mtu.

Jumatatu, njiani kwenda shule, Minori, mjukuu wa Mzee Isamu, hakumsubiri Kozue darajani kama kawaida. Kozue alimkimbilia.

"Mbona umeniacha?"

"Niliogopa kukuharibia begi," alisema Minori. "Si ukoo wetu ni wa waharibifu?"

"Mimi sijasema hivyo."

"Babu yako kasema. Babu yangu kajibu hakulipeleka mtoni hata siku moja, akaambiwa mwongo. Jana hakula. Ameketi tu anaitazama miche yenu. Anasema imetoka vizuri mwaka huu, sasa hajui aifanye nini."

Siku nzima Kozue hakukumbuka hesabu hata moja iliyofundishwa.

Alipofika nyumbani alimkuta Babu bandani. Kifuko kipya cha mpira, kilichonunuliwa kwenye duka la ushirika, kilikuwa juu ya meza, bado kikiwa ndani ya pakiti yake. Trekta lilikuwa limeinuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya magogo. Babu alikuwa ameshika nyundo kwa mkono wa kushoto, akipiga bila nguvu.

"Kazi hii inataka watu wawili," alisema. "Mimi na bibi yako tulikuwa tunaimaliza kabla chai haijapoa."

Kozue alitoa waya mfukoni, akauweka mezani kando ya pakiti.

"Si Mzee Isamu," alisema. "Ni mimi. Niliifunga kamba ya mwaka mpya kwa huu, hapo kwenye fimbo. Kamba ilipotoka, waya ukabaki. Usukani ulipogeuzwa ndio ukachana mpira. Niliuona Jumamosi, nikauficha."

Babu aliuchukua waya. Aliuweka kwenye fimbo, akageuza gurudumu kushoto. Ncha ilikwenda moja kwa moja kwenye ule mpasuko. Aliligeuza tena, kama mtu anayehakiki hesabu, kisha akavua kofia yake.

"Twende," alisema. "Tunavuka mfereji."

Mzee Isamu alikuwa akimwagilia miche. Aliwaona, akaendelea kumwagilia. Kozue aliinama mpaka kichwa kikakaribia magoti, akaeleza yote tangu mkesha hadi Jumamosi. Babu naye aliinama kando yake.

"Nilikuita mwongo kabla sijachunguza," alisema Babu. "Kosa la mtoto ni waya. Langu ni kubwa zaidi. Nisamehe, Isamu."

Mzee Isamu alifunga bomba la maji. "Miaka arobaini, Tokuji, na leo ndiyo mara ya kwanza kuona upara wako kwa karibu hivi." Kisha akamgeukia Kozue. "Na wewe, siku tatu na waya mfukoni. Haukukuchoma?"

"Ulinichoma, Mzee."

"Afadhali. Mpira umeshabadilishwa?"

"Bado," alisema Babu.

"Basi mnangoja nini hapa? Maji hayatawangoja."

Bandani, Babu alifungua droo ya chini na kutoa kitu kilichofungwa kwa gazeti lililogeuka manjano. Ilikuwa nyundo ndogo, mpini wake umezungushiwa kitambaa cha buluu kilichochakaa pale vidole vya bibi vilipokuwa vikishika.

"Chukua," alimwambia Kozue.

Kwanza walichomoa pini inayozuia nati isijifungue. Babu alimwonyesha namna ya kulegeza nati bila kuitoa yote, ili kiungo kikiachia ghafla kisianguke. Kisha Mzee Isamu akaegemeza nyundo kubwa upande mmoja wa jicho la chuma, tundu linaloshika shina la kiungo.

"Usipige skrubu ya shina, utaiharibu," alisema Babu. "Piga ubavu wa jicho, upande wa pili, mkabala na nyundo ya Isamu. Chuma kikibanwa pande mbili kitaachia chenyewe."

Kozue alipiga. Hapakutokea kitu.

"Hapo umekibembeleza," alisema Mzee Isamu. "Bibi yako alikuwa akipiga mpaka kuku wangu wanaacha kutaga."

Alipiga tena, kwa nguvu. Pigo la tatu, kiungo kiliachia kwa mlio mfupi mkavu. Babu aligeuka upande wa ukuta kwa muda kidogo. Pengine mlio ule aliujua sana.

Waliondoa mpira uliochanika. Kozue alifuta grisi yote ya zamani mpaka chuma kikang'aa. Babu alikishika kiungo, akakitikisa huku na huku. Hakikuwa kimelegea, kwa kuwa trekta halikuwa limeingia shambani. Walijaza grisi mpya, wakavalisha kifuko, wakakibana kwa pete yake, wakarudisha shina mahali pake, wakakaza nati na kutia pini mpya. Mwishowe Kozue alipanda kwenye kiti na kuzungusha usukani mwisho wa kushoto, kisha mwisho wa kulia, huku wazee wawili wakitazama chini. Mpira ulijikunja na kujinyoosha. Hapakuwa na kitu cha kuugusa.

Babu aliuinua mpira wa zamani, akamwonyesha ule mpasuko.

"Mpira huu hauvuti jembe, wala haubebi uzito," alisema. "Kazi yake ni moja tu, kuzuia matope yasiingie ndani ya kiungo. Ukipasuka, trekta halisimami siku hiyo. Litalima kesho na keshokutwa, nawe utadhani hakuna neno, kumbe ndani chuma kinasagika. Halafu siku moja, juu ya tuta, unageuza usukani na gurudumu linakwenda linakotaka. Kukosea si ajabu, Kozue, hata mimi nimekosea. Lakini kosa lionyeshe siku ileile unayoliona, wakati dawa yake bado ni kifuko cha mpira. Ulipolificha, lilianza kutusaga mimi na Isamu."

"Nimesikia, Babu."

"Na mwaka mpya ujao?"

"Uzi wa majani. Nao nitaufunga juu."

"Ukikukatikia, njoo kwangu," alisema Mzee Isamu. "Fusae alinifundisha kuusokota. Alisema mikono yangu ni kama ya dubu, lakini alinifundisha."

Tarehe tano Mei, maji yalipofika, trekta lilivuruga matope ya mashamba ya pande zote mbili za mfereji, na miche iliyongoja kupandwa humo ilitoka banda moja. Jioni Kozue alilisafisha trekta, akachunguza kila kifuko cha mpira kwa kidole, kimoja baada ya kingine. Kisha akaingia bandani kurudisha nyundo ndogo kwenye droo.

Droo ilikuwa imefungwa kwa ufunguo. Babu, aliyekuwa akinawa mikono mlangoni, alimwonyesha ukuta kwa kidevu.

Kozue aliitundika. Misumari yote miwili sasa ilikuwa na nyundo.