Aina ya Kinachorudi

Kiti cha marehemu kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi, na ofisi ndiyo kwanza inafunguliwa.

Shemeji alikikalia hivyo hivyo. Wote pale walimwita Shemeji, kwa kuwa walimjua mumewe kwanza. Mume alipozikwa, bosi alimpa mjane meza ile, pole kidogo na kazi nyingi. Marehemu alikuwa ameacha kipande cha programu kinachojiita chenyewe: kinajiita, kinashuka, kinajiita tena, mwisho kinarudi na jibu. Jibu la aina gani, namba au maneno, alikuwa ameficha, hakuandika popote. Kompyuta ikagoma. Ili nijue kinachorudi, iliandika, lazima kwanza nijue kinachorudi.

Fundi mkuu akamweleza kuwa dawa ni ndogo: aandike mwenyewe, pale juu kabisa, kwamba kinachorudi ni namba na si kitu kingine. Kisha akanusa hewa. Ilinuka udongo mbichi.

"Shemeji," akanong'ona, "usikiite kabla hujakitaja."

Alipoondoka, spika zikapumua. Sauti ya mumewe ikamwomba aite. Akauliza ni nani. Ni huyu anayerudi, ikajibu. Na anayerudi ni nani? Niite, utajua.

Angeweza kuandika namba, neno moja tu, yakaisha, lakini alimkumbuka mama mkwe anavyompita koridoni nyumbani bila kumsemesha tangu mazishi, kana kwamba yeye ndiye aliyeua, akajiuliza amebakiwa na nini cha kupoteza, akazima ukaguzi uliofanya kompyuta igome, akakiacha bila kukitaja, akakiita, nacho kikajiita, kikajiita, kikajiita, feni ya mashine ikikoroma kama mtu anayekabwa, mpaka kioo kikaandika: kimerudi.

Akakimbilia nyumbani mchana huohuo. Mama mkwe alimfungulia akitabasamu, machozi yakimtiririka, akamshika mkono.

"Mwanangu amerudi," alisema kwa sauti ya chini. "Ila nikimwuliza yeye ni nani, ananiambia nimwulize yeye."

"Mama, tutoke humu."

"Toka wewe. Mimi wangu amerudi."

Akaingia chumbani, akajifungia.

Shemeji alibaki koridoni, mkono kwenye kitasa, asiweze kufungua wala kuondoka. Ndani, sauti ya mumewe ilijiita kwa jina lake yenyewe, ikaitika, ikajiita tena, kila mara ikitokea chini zaidi. Na baada ya kitambo, sauti ya mama mkwe nayo ikaanza kujiita.