Kadi Isiyo na Feni

Nilitoka kwenda kununua kadi ya kompyuta, basi. Jua lilikuwa linazama, mtoto nimemwacha kwa jirani, na kichwani nilikuwa na jambo moja tu: picha mia tatu na arobaini za wanafunzi, za vitambulisho, ambazo shule ilizitaka Jumatatu asubuhi.

Mimi ni mpiga picha. Si wa harusi kubwa, hapana. Ni wa pasipoti, vitambulisho, na zile picha za zamani zilizoliwa na mende ambazo watu huniletea niwarudishie sura za wazee wao. Kompyuta yangu ni ile nyembamba ya mezani, iliyotupwa na ofisi fulani ilipobadilisha vifaa. Umri wake unaushinda wa binti yangu, na binti yangu ana miaka minane. Programu mpya ya kusafishia picha ilikuwa ikifunguka inaganda, ikiganda inajifunga. Kaka alipokuja kuitazama alicheka.

“Mdogo wangu, hii haina kadi ya grafiki. Inakuchorea picha kwa kuungaunga. Tafuta kadi, hata ya bei ya chini, utaona itakavyokimbia.”

Kaka ni fundi kompyuta. Tangu baba yetu afariki, yeye ndiye aliyekuwa baba. Ndiye aliyenifundisha kushika kamera, na ndiye aliyelala sebuleni kwangu wiki nzima mume wangu alipoondoka bila kuaga. Kaka akiniambia kunywa, nilikuwa nakunywa kwanza, maswali baadaye.

Ana kawaida moja. Kila skrubu anayoikaza huitia tone la rangi ya kucha, nyekundu, ya mkewe. Mtu mwingine akiifungua, rangi inapasuka na Kaka anajua. Kompyuta yangu ina matone sita ya namna hiyo. Tulikuwa tukimtania kwamba siku akiungwa mfupa atataka daktari naye apake.

Jioni ile tulikwenda dukani pamoja. Njiani alinieleza, na alieleza vizuri, sina la kumlaumu katika hilo. Kasha langu lina upana wa vidole vinne tu, kwa hiyo kadi ndefu haiingii hata niipigie magoti. Nilihitaji kadi fupi, yenye kibati kifupi mwishoni, kile kinachokaa nyuma ya kasha. Tena iwe isiyodai waya wake wa umeme, maana pawa saplai yangu, kile kisanduku cha umeme ndani ya kasha, ilikuwa hoi na ingezimika.

“Usidanganyike na jina wala boksi,” alisema. “Angalia kimo, angalia umeme. Basi.”

Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo, mkimya. Hakutuuliza tunataka nini. Alitandika kitambaa mezani na kupanga kadi tatu.

Ya kwanza ilikuwa mpya, ina feni mbili, lakini ndefu. Ya pili ilikuwa fupi, ila ubavuni ina tundu la waya wa umeme. Ya tatu haikuwa na boksi. Fupi, kibati kifupi, haina feni kabisa, ina bati jeusi tu la kupozea.

Nilimgeukia Kaka. Alikuwa amerudi nyuma hatua mbili, mikono mfukoni.

Mtu ambaye hajawahi kuona kifaa asikiguse… mikono mfukoni.

“Ipi, Kaka?”

“Chagua mwenyewe.”

“Si wewe unayejua?”

“Nimeshakueleza.” Sauti yake ilikuwa ya chini sana. “Unaniamini?”

“Sasa nisipokuamini wewe nimwamini nani?”

Akainamisha kichwa. “Basi chukua. Kwa mkono wako.”

Nikaichukua ile ya tatu. Ilikuwa ya joto.

Nilimwambia muuzaji, mbona ina joto? Akajibu bila kunitazama kwamba ilikuwa imeanikwa juani. Nikatazama nje. Jua lilishazama.

Nyuma yangu nilimsikia Kaka akishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia. Nikadhani kachoka, masikini.

Hakuja kuifunga. Alisema ameitwa nyumbani haraka, na nilimwelewa, maana nyumbani kwake kulikuwa na msiba usio na kaburi. Binti yake, tunamwita Bi Mkubwa kwa jinsi anavyoongea kama mtu wa miaka sitini, alikuwa hajatamka neno miezi saba. Ana miaka tisa. Alinyamaza siku moja katikati ya sentensi, na hospitali zote zilisema koo ni zima, ulimi ni mzima.

Kwa hiyo niliifunga mwenyewe. Nilifungua kasha, nikaikandamiza kadi mahali pake mpaka ikalia *tak*. Kwenye skrubu ndogo inayoshika kile kibati kwenye kadi niliona tone jekundu la rangi. Sikushtuka hata kidogo. Kila skrubu maishani mwangu ilikuwa na tone hilo.

Kompyuta ikawaka. Skrini ikang’aa kuliko siku zote, programu ikafunguka papo hapo, na nikapiga kigelegele peke yangu kama mwendawazimu.

Simu ikalia. Alikuwa wifi yangu, mke wa Kaka, analia.

“Wifi… amesema! Bi Mkubwa amesema! Ameomba maji!”

Nilipiga magoti pale pale sakafuni nikamshukuru Mungu. Nililia kwa furaha mpaka kamasi. Nataka mkumbuke hilo, kwamba nililia kwa furaha.

Kisha nikarudi kwenye kazi.

Picha ya arobaini na moja ilikuwa ya mvulana mwenye masikio makubwa. Wote niliwapiga mbele ya ukuta mweupe wa darasa, ukuta mtupu. Lakini nyuma ya mvulana kulikuwa na kitu pembeni. Nikakivuta karibu.

Bega.

Arobaini na mbili, msichana mwenye miwani. Bega lile lile, na sasa shingo. Mwanamke ameketi, ametupa mgongo. Nikaruka mpaka ya tisini. Ameanza kugeuka. Mia na ishirini… shavu.

Hapo ndipo nilipoisikia pumzi. Ndani ya kasha. Inaingia… inatoka… inaingia. Nikajiambia ni feni. Nikakumbuka kwamba kadi niliyoinunua haina feni. Nikaiwekea mkono feni ya pawa saplai. Ilikuwa inazunguka na mlio wake wa kukwaruza ninaoujua. Pumzi ilikuwa kitu kingine. Na chumba kilianza kunuka nywele zilizoungua.

Nilimpigia Kaka. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Safari hii ilikatwa.

Picha ya mwisho kwenye orodha ilikuwa ya binti yangu. Naye anasoma shule hiyo hiyo. Tunamwita Kasuku, kwa sababu huyo mtoto akianza kuongea asubuhi, hata redio inaona haya. Nilijua sipaswi kuifungua. Nikaifungua.

Mwanamke alikuwa amesimama. Nyuma ya mwanangu kabisa. Uso wake ulikuwa juu ya ukingo wa picha, hauonekani, ila mkono ulionekana, mkavu, mrefu.

Ulikuwa umemziba Kasuku mdomo.

“Mama.”

Nilishtuka nikaangusha kiti. Kasuku alikuwa mlangoni, jirani amemleta. Alikuwa anatazama skrini.

“Mama, mbona yule bibi ana—”

Akaishia hapo.

Mdomo ulibaki wazi, midomo ikicheza, na hakuna kilichotoka. Sentensi hiyo hajaimaliza hadi leo.

Niliing’oa kadi kompyuta ikiwa bado inawaka. Haikusaidia. Niliichimbia shimo uani, na asubuhi niliikuta mezani, kavu, ya joto. Nilimpeleka mtoto hospitali, wakamwangaza koo, wakasema ni zima. Ulimi ni mzima. Mwajua nilivyoyasikia maneno hayo? Nilikuwa nimeyasikia tayari, kwa mtoto wa mwingine.

Kaka alikuja Jumapili na mfuko wa machungwa. Alikaa kiti cha karibu na mlango. Kasuku alipokwenda kumsalimia kwa kumshika mkono, kwa vile kusema hawezi, Kaka alitazama saa yake.

“Atapona tu, mdogo wangu,” alisema. “Wangu si amepona?”

Nilimwamini. Hata siku hiyo nilimwamini, nikamkatia machungwa yake mwenyewe akala.

Wiki tatu zikapita. Ijumaa moja magharibi nilisikia hodi nyepesi. Alikuwa Bi Mkubwa, na sare za shule, mkoba mgongoni, peke yake.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja na nani?”

“Nimekuja na miguu yangu.” Aliketi, akakunja mikono kama mtu mzima anayeleta habari za msiba. “Shangazi, iko wapi?”

“Nini?”

“Kadi ya Baba.”

Nikageuka kutazama mezani.

“Ilikuja na kompyuta za zamani alizonunua,” alisema kwa kunong’ona. “Akaiweka kwenye ile ninayosomea. Mimi nikamwona bibi. Nikataka kumwambia Baba, nikashindwa. Baba akaenda kwa mzee mmoja, nami nilikuwepo. Mzee akasema huyu bibi hafukuzwi, anahama tu. Ichukuliwe na mtu kwa mkono wake, bila kulazimishwa. Na sharti awe mtu anayekuamini.”

“Bi Mkubwa…”

“Siku ile asubuhi aliipeleka dukani yeye mwenyewe, kwa rafiki yake. Nilikuwa ndani ya gari. Akamwambia aweke na nyingine mbili, moja ndefu na moja ya waya, ili ibaki hiyo tu. Walidhani kwa vile sisemi, basi sisikii.”

Nilikwenda mezani nikaigeuza kadi. Lile tone jekundu juu ya skrubu. Halikuwa limepasuka. Hakuna mkono mwingine uliokuwa umeifungua skrubu hiyo baada ya mkono wa ndugu yangu.

Alipima kasha langu kwa vidole vyake. Alijua pawa saplai yangu inabeba nini na haibebi nini. Elimu yote ile aliyonipa njiani, kimo na umeme, ilikuwa ukuta wa kushoto na ukuta wa kulia, ili nisiwe na pa kupita ila pale.

Kesho yake nilimfuata kwenye banda lake la kazi. Alikuwa ameinamia laptopu ya mtu, kichupa cha rangi ya kucha kando yake. Niliiweka kadi mbele yake. Hakuuliza ni nini.

“Kaka, kwa nini mimi?”

Alikifunga kile kichupa. “Ningefanyaje? Miezi saba haniiti baba. Ungekuwa wewe ungefanyaje?”

“Ningekuja kwako! Ningekuja kwako tulie pamoja!”

“Kulia kungemfungua mdomo?”

“Na wangu je? Wangu hukumwona?”

Alinitazama, mara ya kwanza tangu ile jioni. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Wako alikuwa na maneno mengi, mdogo wangu. Nilidhani… nilidhani yangechelewa kwisha.”

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia mtu aliyenilea, nikatamani kumtemea mate usoni. Badala yake niliisukuma kadi kwake.

“Ichukue. Kwa mkono wako.”

Akatia mikono mfukoni.

“Hata nikiichukua haitahama,” alisema. “Mimi siwezi tena kukuamini. Si baada ya nilichokufanyia.”

Hayo ndiyo tunayoyajua. Yule mwanamke ni nani, alikaa kwenye ofisi gani, alimfuata nani mpaka akaingia kwenye kipande kile cha bati, hakuna anayejua. Yule mzee kahama. Muuzaji ana duka la viatu siku hizi. Picha za shule nilizipiga upya kwa kompyuta ya kuazima, na Kasuku hakutaka kupigwa. Hukaa mbele ya kioo, anafungua mdomo, anaufunga, anafungua. Wakati mwingine hujishika shingo na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemficha kitu.

Kaka hanijii tena. Bi Mkubwa huja. Kila Ijumaa magharibi, na sare zake, anakaa na Kasuku, anamsuka nywele huku akiongea kwa niaba ya wote wawili. Akimaliza huja mezani kwangu na kunyoosha kiganja.

“Nipe mimi, Shangazi. Mimi nimeshazoea.”

Mara ya kwanza nilimkumbatia nikalia. Mara ya pili nilimkaripia mpaka akatetemeka. Mara ya tatu nilimwambia hapana, na mara ya nne hapana.

Jana alikuja tena. Kasuku alikuwa amelala, mdomo ukicheza usingizini bila sauti. Nilikuwa nimeishika kadi, sijui niliichukua saa ngapi. Ilikuwa ya joto mkononi mwangu. Bi Mkubwa aliitazama, kisha akanitazama mimi.

“Nakuamini, Shangazi,” alisema.

Mara zote nne nilimwambia hapana. Jana nilimwambia aje Ijumaa.