Meza Isiyomwaga Maziwa

Nyuma ya soko la Garsen, sauti ya randa huanza kabla chai haijachemka. Huyo ni Mbeyu. Mumewe Dzombo hupima na kukata mbao. Mbeyu hupiga randa na msasa, halafu hupaka vanishi. Karakana yao ni banda la mabati nyuma ya nyumba, lakini vitanda vyao vimefika mpaka Chara na Golbanti. Watu humwita Dzombo "fundi". Mbeyu wanamwita "mama vanishi" tu. Yeye hucheka, anaendelea na kazi.

Asubuhi moja Gumato alikuja kuangalia meza yake. Gumato ni mama wa Kiorma, anauza maziwa pale stendi. Sasa alikuwa anafungua hoteli, na alitaka meza sita. Hii ilikuwa ya kwanza.

Gumato alitoa kibuyu chake cha maziwa. Alijaza glasi maziwa mpaka mdomoni. Akaiweka juu ya meza, akaegemea na kiwiko.

Meza ikayumba. Maziwa yakamwagika.

"Fundi, hii meza yako inacheza ngoma," Gumato akasema. "Kwetu maziwa haimwagwi ovyo. Mteja akikuja, maziwa anakunywa yeye ama anakunywa meza?"

"Nitaweka kikaratasi chini ya mguu, mama Galgalo," Dzombo akajibu.

"Meza sita, karatasi sita? Hapana! Mwezi ukiandama nakuja tena. Ikicheza, naagiza Malindi."

Akajitanda shuka lake, akaenda.

Mbeyu alifuta maziwa, roho inamuuma. Akina mama wote wa stendi walikuwa wanangoja kuona Gumato atanunua wapi. Wakimpoteza yeye, wamepoteza stendi nzima.

"Mimi sielewi," Dzombo akasema. "Mbao nilizipeleka yadi ya mbao, zikapitishwa kwenye mashine ya thiknesa. Zimetoka laini, unene mmoja. Basi hiyo mashine haifai. Pesa yetu inatosha mashine moja, na mimi nasema tununue jointa."

"Jointa inafanya kazi gani, baba Lorna?"

"Sijui vizuri. Lakini mafundi wa Malindi wanayo."

"Ala! Tununue kitu kwa sababu Malindi wanacho?" Mbeyu akacheka. "Ngoja nimwite Cynthia."

Cynthia ni jirani yao. Anafundisha useremala katika chuo cha ufundi. Alikuja na kikombe chake cha chai mkononi. Aliizunguka meza, akainama, akaangalia juu yake kwa jicho moja.

"Mbeyu, niletee fito mbili zilizonyooka."

Mbeyu akaleta. Cynthia akalaza ufito mmoja mwanzo wa meza, na wa pili mwisho.

"Chuchumaa hapa. Angalia ufito wa mbele na wa nyuma. Ziko sawa?"

Mbeyu akafunga jicho moja. "Ule wa nyuma umeinuka upande wa kulia."

"Basi mbao zimepinda. Uso wa meza umepinda, umevuta na miguu."

"Lakini zimepita kwenye mashine!" Dzombo akapinga.

Cynthia akaangaza chini. Akaokota ndara kuukuu, imekunjwa na jua. Akaiweka juu ya meza, akaikandamiza na kiganja.

"Sasa imenyooka?"

"Imenyooka," Dzombo akasema.

Akaondoa mkono. Ndara ikajikunja tena.

"Ndio hivyo hivyo," Cynthia akasema. "Thiknesa ina roli. Zinakandamiza mbao, kisu kinakwangua juu. Mbao ikitoka, inarudi kupinda kama zamani. Thiknesa inafuata upande wa chini. Chini kukipinda, na juu kunapinda. Inatoa unene sawa. Kunyoosha haijui."

"Na jointa?" Mbeyu akauliza.

"Jointa ndiyo inanyoosha. Inasawazisha uso mmoja, halafu ubavu mmoja. Lakini haikupi unene sawa. Ukitumia jointa peke yake, mbao itanyooka, lakini huku nene, kule nyembamba."

Dzombo akashika kichwa. "Sasa tunahitaji zote mbili, na pesa ni ya moja!"

"Wewe jointa unayo tayari, shemeji."

"Iko wapi?"

Cynthia akamwonyesha Mbeyu kwa kidole. "Huyu na randa yake! Uso mmoja unanyooshwa kwa mkono. Unatumia zile fito, unaona pembe iliyoinuka, unaikwangua hapo tu mpaka fito zilingane. Lakini mbao ishirini unene mmoja kwa mkono? Mtazeeka. Nunueni thiknesa. Mbeyu anyooshe uso mmoja, uso huo ulale chini, mashine imalizie wa juu."

Mbeyu akaichukua randa yake.

"Muulizeni muuzaji kama inatumia stima ya nyumbani," Cynthia akaendelea. "Zile za viwandani hazitawaka hapa. Kateni kidogo kidogo. Miwani, vizibo vya masikio, na usisimame nyuma ya mbao, simama kando. Kipande kifupi usipitishe, kinaweza kurushwa. Na zile pale ni za nini?"

Ukutani kulikuwa na mbao za mwembe, zimeegemezwa juani. Huku Delta ya Mto Tana wengi hufanya hivyo, wakiogopa mchwa na maji ya mafuriko.

"Hapo ndipo zinapopinda," Cynthia akasema. "Zilazeni kivulini juu ya matofali, na fito katikati ili hewa ipite."

Thiknesa waliyoagiza ilikuja kwa basi kutoka Mombasa. Mbeyu alipiga randa, akachuchumaa, akaangalia fito, akapiga tena. Ubao haukuingia kwenye thiknesa mpaka yeye aseme, "Huu tayari."

Mwezi ulipoandama, Gumato alikuja na kibuyu chake. Alijaza glasi mpaka mdomoni, akaiweka juu ya meza mpya. Akaegemea kiwiko. Meza kimya. Akaegemea viwiko viwili. Akapiga meza kofi.

Maziwa yalitetemeka kidogo, yakatulia. Hata tone halikutoka.

"Nani amenyoosha hii?" akauliza.

Dzombo akamwangalia mkewe. "Huyu hapa."

Gumato akaichukua ile glasi kwa mikono miwili, akampa Mbeyu.

"Kunywa, fundi," akasema. "Halafu tengeneza hizo tano zilizobaki."